Mtaa umepimwa, wakazi hawajui kinachokuja: ubao tuuweke wapi na tuandike nini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa hapa Ujiji, Manispaa ya Kigoma Ujiji. Wapima wamekuja, wameacha bikoni, yaani vijinguzo vya mipaka, na alama za rangi kwenye baadhi ya nyumba. Tumeambiwa mtaa utaendelezwa upya: barabara itapanuliwa, mtaro mkubwa utachimbwa na viwanja kadhaa vitapangwa upya. Kila mtu sasa ana habari yake. Nimependekeza tuweke ubao wenye ramani ya mtaa, na mabenchi ya kukalia. Wenzangu wanasema ni kupoteza hela, kikundi cha WhatsApp kinatosha. Je, ubao una faida? Tukiuweka, uwe wapi, na tuandike nini tusije tukaingia matatani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pendekezo lako ni zuri, lisimamie. Ila kabla hujaenda kwa fundi, kamati ikubaliane kwanza ubao huo utafanya kazi gani. Nimefanya kazi ya mipangomiji miaka mingi, na mabango mengi ya miradi niliyoyaona hayamsaidii mkazi. Yanaandikwa jina la mradi, mfadhili, mkandarasi, mhandisi mshauri, gharama na muda wa utekelezaji. Mama anayeuza mawese kando ya barabara anaweza kulisoma bango la namna hiyo mwanzo mpaka mwisho na bado asijue kama kibanda chake kimo ndani ya mpaka au kiko nje. Ubao wenu umjibu huyo mama. Mradi unanigusa? Unanigusa lini? Kitu gani bado kinaweza kubadilishwa? Nikamuulize nani?

Hilo swali la tatu ndilo linalorukwa, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mpango wa kuendeleza mtaa hupita hatua nyingi: wazo, mkutano, mchoro wa awali, mchoro ulioidhinishwa, upimaji, uthamini, malipo, ndipo mitambo inaingia. Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007 inataka wakazi na wenye ardhi washirikishwe wakati mchoro unaandaliwa, na rasimu iwekwe wazi watu waikague na kutoa maoni. Haki hiyo ina wakati wake. Mkazi anayeuona mchoro kwa mara ya kwanza wakati greda limeshafika amepewa taarifa, lakini nafasi ya kusema imempita. Kwa hiyo juu kabisa ya ubao, kabla ya ramani, gaweni sehemu mbili kwa mstari mnene: YALIYOAMULIWA na AMBAYO BADO. Upande wa kwanza mnaweza kuandika, kwa mfano, upana wa barabara na njia ya mtaro. Upande wa pili vivuko vya waenda kwa miguu vitawekwa wapi, taa zitaanzia wapi, wachuuzi watahamia wapi wakati wa ujenzi. Mkiulizia halmashauri mkaambiwa upande wa pili hauna kitu, yaani kila jambo limeshaamuliwa, hiyo nayo ni habari nzito ambayo mkutano wa mtaa unapaswa kuijua mapema.

Sasa niingie kwenye zile alama za rangi, kwa sababu ndizo tangazo pekee ambalo watu wetu wamezoea kuliona ukutani. Kwenye barabara zinazosimamiwa na TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mkoa, X nyekundu na X ya kijani hazisemi jambo moja. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara, kwa barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Nyumba iliyojengwa ndani ya zile mita 22.5 za zamani huwekwa X nyekundu, na huhesabiwa kuwa imevamia hifadhi. Iliyoangukia kwenye ongezeko huwekwa X ya kijani, na mwenyewe anastahili fidia. Tofauti ya rangi ni tofauti ya maisha ya familia nzima, na ukutani hapana hata mstari mmoja unaoeleza. Pia barabara za mitaa haziko chini ya TANROADS, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na hifadhi zake ni nyembamba kuliko hizo. Msichukue mita 30 za barabara kuu mkaziandika kwenye ubao wa mtaa, mtawatisha watu bure. Ulizeni barabara yenu iko daraja gani, na alama zilizopakwa kwenu zina maana gani, mjibiwe kwa maandishi.

Nyumba yenye alama isiyoelezwa huzeeka haraka. Bati likitoboka mwenyewe haliezeki upya, kwa kuwa haoni maana ya kutia fedha kwenye nyumba ya kubomolewa. Ukuta ukipata ufa anauacha. Mpangaji anahama, kodi inakatika. Mvua za masika zinapita, zinakuja nyingine, mradi haujaanza, na pengine haukuwa umelenga hata kuigusa nyumba ile, ni kona ya uzio tu iliyokuwa inatakiwa. Mateso hayo hayatokani na barabara, yanatokana na ukimya. Ndiyo maana nakuunga mkono kwa moyo wote.

Kuhusu WhatsApp, wenzako hawajakosea kabisa. Kikundi kinafaa kwa habari ya haraka: kesho mthamini anapita, mkutano umesogezwa saa kumi. Lakini angalia nani yuko ndani ya kikundi chenu. Mara nyingi ni wenye nyumba, wanaume, wenye simu janja. Wapangaji hawamo, na mtaa ukibomolewa wao ndio wa kwanza kutafuta pa kulala. Bibi mwenye nyumba ya urithi hayumo, yuko mjukuu wake aliye Dar es Salaam. Halafu ujumbe wa jana umeshafunikwa na salamu na picha mia. Ubao una sifa ambayo simu haina: watu wawili wanasimama mbele yake pamoja, mmoja anaweka kidole, mwingine anambishia, wa tatu anaitwa kuamua. Ramani inazaa mazungumzo ambayo mtu peke yake na simu yake hawezi kuyapata.

Hapo ndipo mabenchi yanapoingia, na Ujiji mna bahati. Nyumba zenu nyingi za zamani zina vibaraza vya mbele, na watu wana desturi ya kuketi nje jioni, kahawa ikizunguka, habari za ziwani na za mjini zikichambuliwa. Msijenge kituo kipya mahali pasipo na watu. Tafuteni mahali ambapo watu tayari wanakaa, chini ya mwembe wenye kivuli, jirani na msikiti, karibu na soko, au kwenye gati la maji ambako akina mama na watoto wanapanga foleni ya ndoo. Ubao uletwe hapo. Nikiwa na fedha ya kituo kimoja tu, nitauacha ukuta wa ofisi ya mtendaji nichague gatini. Ofisini mtu huenda akiwa na shida, na wengine huona haya kuingia. Gatini watu wanakwenda kila siku wakiwa na dakika za kusubiri.

Benchi lielekee ubao, lisiuegemee. Watu hulikosea hili mara kwa mara: wanajenga kiti chini ya tangazo, aliyekaa analigeuzia mgongo, na anayetaka kusoma inabidi ainame juu ya vichwa vya watu. Acheni kama mita mbili kati ya kiti na ubao, ili aliyekaa asome maandishi makubwa na anayetaka kuiona ramani asogee. Kiti cha urefu wa sentimita 45 kutoka chini kinamfaa mzee kunyanyuka bila kushikwa mkono. Matofali ya kuchoma yanapatikana kwenu, yapigwe lipu ya saruji yatadumu. Mbao msizitumie kwa kitu kinachogusa ardhi, mchwa wa Kigoma mnawajua. Chuma kizito nacho kinawatamanisha wauza vyuma chakavu, kwa hiyo bamba jembamba likazwe ukutani au kwenye nguzo za zege. Kituo kiezekwe paa dogo la bati lenye mteremko wa kutosha, kwa sababu mvua zenu za Novemba hadi Mei zinapiga kwa ubavu, na jua la Juni hadi Septemba linapausha wino wa karatasi ukabaki weupe mtupu. Vichwa vya habari na ramani vichorwe kwa rangi ya mafuta na fundi wa mabango. Yanayobadilika kila wiki yaandikwe kwa chaki kwenye sehemu iliyopakwa rangi nyeusi. Herufi ya sentimita 2.5 inasomeka bila taabu ukiwa umbali wa mita 3.

Ramani ndiyo moyo wa ubao, na ndiyo inayoharibika kirahisi. Mkienda halmashauri mtapewa nakala ya mchoro wa mipangomiji, ule watu wanaouita TP. Ni mchoro wa wataalamu, una namba za vitalu na alama ambazo mkazi hazijui. Msiubandike ulivyo. Mwombeni ofisa mipangomiji awasaidie kuuchora upya kwa kipimo cha 1:500. Kwa kipimo hicho nyumba ya mita 10 inakuwa sentimita 2, inaonekana wazi, na mtaa wa mita 500 kwa 400 unaingia kwenye bamba la mita 1 kwa sentimita 80. Chora vitu ambavyo watu hutumia kuelekezana: msikiti, shule, gati, duka la dawa, miembe mikubwa. Kisha igeuzeni ramani ifuate macho ya anayesoma. Akisimama mbele ya ubao akiwa ameelekea ziwani, basi ziwa liwe juu ya ramani, hata kama kaskazini itaangukia pembeni. Wapima watalalamika, waacheni walalamike. Wekeni alama ya HAPA ULIPO, na muipake rangi tena mara kwa mara, maana kila mtu huigusa kwa kidole na ndiyo inayofutika ya kwanza.

Nyumba msizitaje kwa majina ya wenyewe. Tumieni namba zilizo kwenye vibao vya anwani za makazi, zile zilizobandikwa wakati wa Operesheni ya Anwani za Makazi na Postikodi mwaka 2022. Mkazi anaijua namba ya mlango wake, anaitafuta kwenye ramani, anaona mstari mwekundu umepita wapi. Viwango vya fidia na orodha za majina visiwekwe ubaoni kabisa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwapo, kumtangazia mjane fedha atakayopokea ni kumwitia wezi na ndugu wenye tamaa. Daftari la fidia kila mtu alisome mstari wake ofisini, mbele ya mtendaji, akitia saini yake.

Lakini kanuni za fidia ziandikeni, na ziandikwe kubwa. Hapa wengi wanapoteza haki kwa kutojua kwamba ipo. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za fidia za 2001 zinaeleza kwamba mbali na thamani ya ardhi na jengo kuna posho ya usumbufu, kuna posho ya usafiri inayokokotolewa kwa gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, kuna posho ya makazi ambayo ni kodi ya soko ya mwezi mara 36, na kwa mwenye biashara kuna faida atakayoikosa, nayo kwa miezi 36. Kiwanja kitupu hakilipiwi posho ya makazi wala ya usafiri, hilo nalo liandikwe ili watu wasidanganyane. Na Sheria ya Uthamini ya 2016 imeweka ukomo: uthamini ukishaidhinishwa na Mthamini Mkuu, malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6 yanaongezwa riba, na uthamini ukifika miaka 2 bila kulipwa hautumiki tena, unafanywa upya. Tarehe ya uthamini kuidhinishwa, basi, ni tarehe ambayo mtaa mzima unapaswa kuiona kila siku. Pembeni yake iandikwe tarehe ya ukomo, ambayo baada yake jengo jipya au nyongeza haihesabiwi kwenye fidia. Kijana akijenga chumba baada ya tarehe hiyo kwa kuwa hakuna aliyemwambia, hasara yake ni ya kudumu.

Mna jambo moja zaidi la kufanya ambalo halihitaji ubao. Uswisi wana utaratibu ninaoupenda sana. Mtu akitaka kujenga, kabla kibali hakijatoka anasimamisha nguzo nyembamba kwenye pembe za kiwanja, zenye urefu ule ule wa jengo linalokuja, na vichwani mwake kunawekwa vipande vinavyoonyesha mteremko wa paa. Jirani hahitaji kusoma mchoro. Anatoka nje, anatazama juu, anaona jua lake litazibwa au halitazibwa, na muda wa kupinga upo. Kwa barabara na mtaro, nanyi mnaweza kufanya vivyo hivyo kwa vigingi vya miti na kamba. Mwombeni mpima awaonyeshe kingo, mpigilie vigingi vilivyopakwa njano kila baada ya mita kumi, kamba ivutwe kwa siku mbili tatu, na watu wapite katikati yake kama wanavyopita barabarani. Mtu akisimama uani kwake akaona kamba imepita nyuma ya choo chake, ameelewa kuliko angeelezwa mkutano mzima. Bikoni yenyewe haitoshi. Ni kijinguzo cha zege chenye chuma katikati na namba, na ukiiona peke yake majanini huwezi kujua inagawa nini na nini.

Siku ya kuvuta kamba na kuelezana ichagueni kwa mwezi wa angani. Wavuvi wenu wa dagaa hutoka na taa usiku wa giza, na kwenye mbalamwezi ndipo wengi hupumzika nchi kavu. Mkutano ukiwekwa wakati wa giza, mtaa wa wavuvi utawakosa wenye nyumba nusu, na watakaporudi watakuta mambo yameamuliwa na walioachwa nyumbani. Nimeona wataalamu kutoka nje wakishangaa kwa nini mahudhurio ni madogo, na hakuna aliyewaambia.

Umeniuliza msije mkaingia matatani. Kinga yenu ni moja: msiandike ubaoni jambo ambalo hamna karatasi yake. Kila taarifa iwe na barua, mchoro au muhtasari wa mkutano nyuma yake, nakala ikae kwenye faili ofisini, na chini ya ubao pawepo mhuri wa ofisi ya mtaa na tarehe taarifa hiyo ilipoandikwa. Jambo lenye uvumi msilijibu kwa uvumi. Andikeni: "Tumeuliza halmashauri tarehe hii, tunasubiri jibu." Sentensi hiyo imetuliza mitaa mingi, kwa kuwa watu huvumilia kusubiri wakijua kuna aliyeuliza. Kamati isitumie ubao kwa kampeni wala kwa matangazo ya biashara, hata kama mwenye duka la simu anajitolea kulipia rangi. Siku picha ya mgombea itakapobandikwa pale, nusu ya mtaa itaacha kuuamini.

Mahali pa kuusimamisha paangaliwe. Ndani ya hifadhi ya barabara mnahitaji kibali cha TARURA, au cha TANROADS kama ni barabara yao, na usikae kwenye kona ukamziba dereva asione. Nguzo za majina ya barabara msizibandike kitu bila ruhusa. Kwenye ua wa msikiti, wa shule au kwenye kibaraza cha mtu, kubaliana na wenyewe kwa maandishi ili asije mrithi akaung'oa. Mteueni mtu mmoja wa kuutunza, mwenye ufunguo wa boksi la chaki, na mwingine wa kumsaidia akisafiri. Ubao wenye tarehe ya miezi sita iliyopita unadhuru kuliko ukuta mtupu, maana watu wanaupangia maisha.

Fedha si nyingi kama wenzako wanavyoogopa. Matofali, saruji mifuko michache, bamba, rangi na ujira wa fundi, mtaa unaweza kuchanga. Lakini kabla ya kuchanga, ulizeni mradi wenu ni upi. Manispaa ya Kigoma Ujiji iko kwenye TACTIC, mradi wa kuboresha miundombinu ya miji, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 410 na kugusa miji 45 nchini. Kama mradi wa mtaani kwenu ni huo, masharti yake yanataka wakazi wapewe taarifa na pawepo utaratibu wa kupokea malalamiko, kwa hiyo mna msingi wa kuomba ubao na viti viingizwe kwenye gharama za mradi. Tena kuna reli ya kisasa, kipande cha Tabora hadi Kigoma cha kilomita 506 ambacho mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Baadhi ya alama mjini zinaweza kuwa za reli na si za barabara yenu. Miradi miwili ikikutana mtaa mmoja, tumieni rangi mbili kwenye ramani, na kila mradi uwe na ofisi yake ya kuulizia, ili mtu asizungushwe huku na huku.

Anzeni na barua, wiki hii, kwenda kwa Mkurugenzi wa Manispaa kupitia kwa mtendaji wa kata. Iitwe maombi ya taarifa chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inampa ofisa siku 30 za kujibu. Ombeni nakala ya mchoro wa mtaa na tarehe ulipoidhinishwa, kama umeidhinishwa. Ombeni maana ya alama zilizowekwa kwenye nyumba, tarehe ya uthamini na ya ukomo, jina la ofisi na siku ambazo mkazi anaweza kwenda kuuliza, na orodha ya mambo ambayo bado yako wazi kwa maoni. Mwenyekiti aisaini, ipigwe mhuri wa kupokelewa, na nakala yenye mhuri huo iwe karatasi ya kwanza kubandikwa, hata kama ubao wenyewe haujajengwa na mnaibandika gatini kwa gundi.